Jibu kwa msomaji anayetaka kununua nyumba kuukuu ya kupangisha, Kikuyu, Dodoma

Swali: Mimi ni mtumishi wa umma, nilihamia Dodoma mwaka 2019. Dalali amenionyesha nyumba iliyojengwa mwaka 1984 hapa Kikuyu, yenye vyumba vitano ndani na viwili vya uani. Vyote vina wapangaji, wengi wao wanafunzi, na kila chumba ni shilingi 45,000 kwa mwezi. Muuzaji anataka milioni 46, nami nina milioni 14 za ukarabati. Kuta zina chumvi mpaka usawa wa magoti, kuna ufa kwenye kona ya dirisha la chumba cha tatu, na choo cha uani kimeezekwa kwa mabati ya kijivu yasiyo ya chuma. Fundi wangu anashauri nipige lipu upya, niweke dari ya jipsamu, vigae na rangi, nigeuze vyumba vya ndani kuwa masta (chumba chenye choo na bafu ndani), kisha kodi ifike wastani wa 75,000. Je, ninunue? Na nikinunua, nianze na nini?

Ndugu msomaji, umefanya vyema kutaja chumvi, ufa na yale mabati ya kijivu, kwa sababu wanunuzi wengi huviona vitu hivyo na kuvipita, macho yao yakiwa kwenye idadi ya vyumba. Nimekuwa nikikagua na kukarabati nyumba za kupangisha hapa Dodoma kwa miaka mingi, na nitakujibu kwa urefu. Jibu langu la kwanza ni kwamba nyumba hiyo inaweza kukufaa, lakini kwa bei ya chini kuliko hiyo, na kwamba kazi aliyokupangia fundi wako imeanzia pale inapopaswa kuishia.

Mji wetu ni mkavu, na ukavu huo ndio unaowadanganya watu. Dodoma hupata mvua ya kama milimita 570 tu kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya mwisho wa Novemba na Aprili, kwa hiyo mtu hudhani kwamba nyumba ya hapa haina adui anayeitwa maji. Katika kukagua kwangu nimeona kinyume chake. Nyumba kuukuu za mji huu huharibiwa na maji kuliko kitu kingine chochote, kwa kuwa mvua yenyewe huja kwa kishindo juu ya ardhi iliyokauka na kuwa ngumu, haizami upesi, bali hutiririka na kutafuta mahali pa kutuama, na mara nyingi mahali hapo huwa ni ukutani. Kwa miezi mingine yote, maji ya bafu la uani, ya kuoshea vyombo na ya bomba linalovuja chini kwa chini huendelea kuulowesha msingi bila mtu kujua.

Hiyo chumvi unayoiona ni alama ya safari ya maji. Unyevu huingia kwenye msingi, hupanda ndani ya tofali kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi, na hubeba chumvi iliyomo ardhini. Ukifika kwenye uso wa ukuta, hewa yetu kavu huufyonza upesi na kuiacha chumvi nyuma. Chembe zake hukua ndani ya lipu, hutanuka, na kuisukuma mpaka ibanduke. Nyumba nyingi za miaka ile hazikuwekewa tabaka la kuzuia unyevu kati ya msingi na ukuta, na hata zile zilizowekewa, mara nyingi tabaka hilo limekwisha kufukiwa, kwa sababu uwanja huongezeka kimo mwaka hadi mwaka kwa vumbi, majivu na udongo unaoletwa na mvua. Nenda ukapime: chukua kimo cha sakafu ya ndani, kisha kimo cha ardhi ya nje mgongoni mwa ukuta uleule. Ardhi ya nje inapaswa kuwa chini ya sakafu kwa sentimita 15 au zaidi. Katika nyumba nyingi za umri huo nimekuta ardhi ikiwa sawa na sakafu, na mara mbili nimekuta imeipita.

Sasa elewa kwa nini napinga shauri la kupiga lipu upya kama hatua ya kwanza. Miaka ya nyuma nilisimamia nyumba moja ya Makole iliyokuwa na chumvi kama hiyo yako. Tulibandua lipu yote, tukapiga mpya ya saruji nyingi ili iwe imara, na maji ya kuchanganyia tuliyachota kwenye kisima cha jirani, ambacho maji yake yalikuwa ya chumvi. Ukuta ulipendeza. Baada ya miezi 14 chumvi ilitokea tena, safari hii ikiwa juu zaidi, usawa wa kiuno, kwa kuwa lipu ngumu ilikuwa imeuzuia unyevu usitokee chini, nao ukaendelea kupanda hadi ulipopata njia. Mwenye nyumba alilipa mara mbili kwa kazi moja, na jambo hilo lilinisikitisha sana, kwa sababu nilikuwa nimempa neno langu.

Kazi yenyewe hufanywa hivi, na hufanywa kiangazi, Juni hadi Oktoba, ukuta upate kukauka. Kwanza chimba udongo wa nje kuizunguka nyumba mpaka ufike zile sentimita 15 chini ya sakafu, kisha mwaga mkanda wa zege wenye upana wa sentimita 75 hivi, unaoteremka kuelekea nje. Hamisha njia ya maji ya bafu iende kwenye karo, mbali na msingi. Kama kuna mwarobaini uliopandwa kando ya ukuta, angalia mizizi yake, maana katika kiangazi chetu kirefu mizizi hufuata unyevu, na unyevu wa karibu ni ule wa chini ya nyumba. Baada ya hapo bandua lipu mpaka nusu mita juu ya mstari wa chumvi, kwangua viungo vya tofali, na uipanguse chumvi kwa brashi kavu. Usiioshe, kwani ukiiosha unairudisha ndani. Acha ukuta wazi kwa miezi miwili au mitatu. Najua jambo hili ni gumu kwa mtu anayesubiri kodi, lakini hakuna namna ya kulikwepa. Ndipo upige lipu laini: saruji ndoo moja, chokaa ndoo moja, mchanga ndoo sita, kwa maji ya bomba. Mchanga uusugue kiganjani kwanza. Ukiacha tope mkononi, urudishe ulikotoka.

Kabla ya yote hayo, ujue tofali zako ni za aina gani. Katika maeneo ya zamani ya mji zipo nyumba za tofali za kuchoma, na zipo nyingine za tofali mbichi za udongo zilizovikwa saruji, ambazo kwa macho zinafanana kabisa na za kwanza. Gonga ukuta kwa sarafu kuanzia chini kwenda juu. Palipo na sauti ya kopo tupu, lipu imeachana na tofali. Omba ruhusa ubandue kipande kidogo hapo, mwagia tofali maji kidogo na ulisugue kwa kidole gumba. La kuchoma litabaki lilivyo, na la udongo mbichi litageuka tope. Ukuta wa udongo mbichi si wa kudharauliwa. Tembe za Wagogo zilisimama katika nchi hii kwa vizazi, kwa sababu wenyewe walijua kuukinga ukuta usipate maji. Kinachouua ni saruji inayofungia unyevu ndani. Ukiukuta, upakwe lipu ya chokaa na udongo, kiwango cha ardhi ya nje kishushwe, wala usithubutu kuukata chini ili kuweka tabaka la kuzuia unyevu. Kwa ukuta wa tofali za kuchoma inawezekana kukata na kuingiza karatasi nzito ya nailoni, lakini kwa vipande visivyozidi mita moja, visivyofuatana, na kila kimoja kijazwe na kukomaa kabla ya kukata kinachofuata.

Kuhusu ufa, mahali ulipo ni muhimu kuliko urefu wake. Ufa unaoshuka mshazari kutoka kona ya dirisha huonyesha kwamba sehemu ya msingi imezama, au kwamba dirisha halina lenta (boriti inayobeba ukuta) ya kutosha juu yake. Sehemu nyingi za mji wetu zina udongo wa mfinyanzi ambao hutanuka ukilowa na kusinyaa ukikauka, na nyumba juu yake hupanda na kushuka kila mwaka. Chora mistari miwili ya penseli pande mbili za ufa, pima nafasi kati yake, andika tarehe hapohapo ukutani, na urudi kupima kila mwezi mpaka masika yapite. Ufa usiozidi milimita 5 ambao hautembei unaweza kushonwa kwa nondo nyembamba na kuzibwa. Ukizidi hapo, au ukiendelea kupanuka, mlete mhandisi kabla hujaleta fundi. Nawe chunguza kwanza kilicho chini ya dirisha hilo la chumba cha tatu: mara nyingi sababu huwa ni bomba linalovuja au shimo la choo la zamani lililofukiwa bila kushindiliwa, na ukiiondoa sababu hiyo msingi hutulia wenyewe.

Mabati ya kijivu ya choo nataka uyachukulie kwa uzito. Kwa nyumba ya mwaka 1984 kuna uwezekano mkubwa kwamba yametengenezwa kwa saruji iliyochanganywa na nyuzi za asbesto, ambazo zikivutwa pamoja na hewa hukaa mapafuni na kuweza kuleta saratani miaka mingi baadaye. Yakiwa mazima hayana hatari kubwa. Hatari huanza pale mtu anapoyakata kwa msumeno, kuyatoboa, kuyasugua au kuyavunja kwa nyundo. Kwa hiyo, kama hayana nyufa, yaache na uyapake rangi bila kuyasugua. Kama ni lazima yatoke, yaloweshwe maji, yafunguliwe mazima, yafungwe kwa nailoni nzito, na uulize Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) na Halmashauri ya Jiji yapelekwe wapi. Usimruhusu fundi kuwapa majirani vipande vyake vya kufunikia mabanda ya kuku, kama nilivyowahi kuona. Watoto wa wapangaji wako wanachezea hapo uani.

Paa la nyumba kubwa ukague mwenyewe, kwa tochi, kupitia tundu la dari. Hapa mchwa ni wengi na hawana haraka. Kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, inaweza kuonekana nzima kwa nje ilhali ndani imebaki unga. Choma kila kenchi kwa bisibisi, hasa pale inapokalia ukuta. Bisibisi ikizama bila nguvu, mbao hiyo imekwisha. Mabati ukiyabadilisha nunua ya geji 28, ambayo ni mazito kuliko ya geji 30, kwa sababu upepo wetu wa kiangazi hulikung'uta bati jepesi mpaka misumari ilegee. Na ukifika hapo, weka mifereji na simtanki. Paa la mita za mraba 120 linaweza kukupa lita 51,000 hivi kwa mwaka hata ukitoa robo ya maji yanayopotea, na kila lita uliyoikinga ni lita ambayo haikumwagika kwenye msingi wako.

Nyaya za umeme za mwaka 1984 zibadilishwe zote, na kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Vyumba vya nyumba hizi vimeungwa kimoja hadi kingine kwa waya mwembamba wa taa, bila waya wa ardhini, halafu mwanafunzi anachomeka jiko na pasi. Taa zipate waya wa milimita za mraba 1.5, soketi 2.5, na kila chumba kiwe na sakiti breka yake. Kama unaweza kupata mita zaidi ya moja, fanya hivyo. Ugomvi wa LUKU, umeme wa kulipia kabla, umewahamisha wapangaji wema wengi.

Nije kwenye wazo la masta. Ninaelewa linavyovutia, kwa kuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana hapo Kikuyu na watumishi wapya hulipa zaidi kwa chumba chenye choo ndani. Lakini tafakari unachokifanya: unaichukua nyumba inayosumbuliwa na unyevu, unaingiza vyoo na mabafu matano ndani yake, na kupitisha mabomba kwenye kuta za miaka arobaini. Ushauri wangu ni masta mbili tu, tena za vyumba vinavyopakana na ukuta wa nje upande wa chemba, ili maji yote yatoke upande mmoja na bomba likivuja lionekane. Vyumba vinavyobaki vipate bafu na choo cha pamoja kilicho safi, chenye maji ya uhakika. Kumbuka pia kwamba kuvunja kuta na kuongeza vyoo kunahitaji kibali cha ujenzi kutoka Halmashauri ya Jiji.

Sasa hesabu. Tuseme fundi wako yuko sahihi na kila chumba kitaleta 75,000 kwa wastani. Vyumba saba ni 525,000 kwa mwezi, milioni 6.3 kwa mwaka. Usihesabu miezi 12, hesabu 10, maana wanafunzi huondoka na vyumba hukaa wazi. Unabaki na milioni 5.25. Toa sehemu ya kumi ya kodi ya mwaka mzima kwa matengenezo, yaani 630,000, na toa kodi ya zuio ya pango, asilimia 10 ya hiyo milioni 5.25, yaani 525,000. Mkononi unabaki na milioni 4 na elfu 95, dhidi ya milioni 60 ulizozitoa. Hiyo haifiki asilimia 7 kwa mwaka, na ni kwa nyumba inayokudai usingizi. Linganisha na riba ya hati fungani za serikali za muda mrefu ambazo Benki Kuu huzinadi kila mara, kisha ujiulize kama unalipwa kwa usumbufu. Kwa milioni 36 pamoja na zile 14, mapato hayohayo yanafika asilimia 8, nami hapo ndipo ningesimama. Muuzaji atakuambia kwamba viwanja vimepanda tangu serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016, na ni kweli, lakini kupanda kwa kiwanja kutakufaa siku ya kuuza, ilhali chumvi ipo ukutani leo. Katika zile milioni 14, mbili usizitaje hata kwa fundi. Nyumba kuukuu ikibanduliwa huonyesha jambo ambalo hakuna aliyelijua.

Jambo jingine la fedha ambalo watu hulisahau: wapangaji wako wamelipa mpaka lini? Hapa kodi hulipwa miezi sita au mwaka kwa pamoja. Kama muuzaji ameshapokea kodi ya mwaka mzima mwezi uliopita, utanunua nyumba ambayo haitakuletea shilingi hata moja kwa miezi kumi na moja, wala huna haki ya kuwadai wapangaji mara ya pili. Ongea na kila mmoja wao, ona stakabadhi, na kiasi kilicholipwa kwa muda uliobaki kikatwe kwenye bei. Ukarabati nao ufanyike wakiwemo: anza na vyumba viwili vya uani, vikimalizika uwahamishie wale wa vyumba vinavyofuata, kwa makubaliano ya maandishi. Kuwafukuza wote ili kuharakisha kazi ni kujiondolea mapato na kuwatesa watu ambao walikuwa wakilipa.

Mwisho, karatasi. Viwanja vingi vya Dodoma viligawiwa na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu (CDA), iliyoundwa mwaka 1973 na kuvunjwa Mei 2017, na hati zake zilikuwa za miaka 33. Fanya hesabu mwenyewe: hati ya mwaka 1984 ilikwisha muda wake mwaka 2017. Baada ya CDA kuvunjwa, serikali iliagiza umiliki uwe wa miaka 99, lakini agizo halibadilishi hati iliyofungiwa kabatini ambayo mwenyewe hakuipeleka. Omba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, ujue jina lililoandikwa, muda uliobaki, na kama kuna rehani ya benki. Na kama nyumba hiyo ni ya familia, saini ya mume au mke wa muuzaji ni lazima; Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamlinda mwenza ambaye hakuridhia. Uliza pia kama kuna kodi ya jengo inayodaiwa, kwa sababu tangu Agosti 2021 hukatwa kupitia LUKU na deni hubaki kwenye mita utakayoirithi.

Kwa hiyo wiki hii usitoe arbuni. Nenda na futi kamba, sarafu, bisibisi na tochi, mchukue mwenyekiti wa mtaa awe shahidi, na umwombe muuzaji akuruhusu kubandua nusu mita ya lipu chini ya lile dirisha la chumba cha tatu na kuchimba kidogo nje yake. Akikataa, ondoka. Akikubali, niandikie kimo cha sakafu, kimo cha ardhi ya nje, aina ya tofali na upana wa ufa kwa milimita, nami nitakuambia kama milioni 14 zitatosha.